Leo Kumetoka Nini?

Meza ya Mama Mikate iko kwangu sasa. Ni meza mbaya, afadhali niseme mapema: imeungua pembeni, imejaa makovu ya kisu, na mguu wake mmoja ni mfupi. Chini ya mguu huo mfupi amekunjwa Shetani. Nasema Shetani mwenyewe, mwenye pembe na mabawa, karata iliyotoka kwenye pakiti ya zamani ambayo yule mama alikuwa nayo kila asubuhi. Alimtoa ndani ya pakiti siku ile ile alipomwona, akamkunjakunja, akamsukumia chini ya meza. "Hapa njo utafanya kazi," alimwambia, yaani hapa ndipo. Mpaka leo anafanya kazi, na meza haiyumbi.

Karata nyingine ziko kwa mtu ambaye mtaa mzima ungeapa kwamba angezichoma. Nitafika kwake. Kwanza nataka mumjue mwenye karata, maana wapangaji wapya waliokuja baada ya maji kushuka wanamsikia kwa jina tu, tena wanamsikia vibaya, na hilo linanikera.

Tulikaa nyumba tatu mfululizo, upande wa chini, karibu na ziwa. Mimi na kiduka changu cha dawa huku, Mama Feza kule, na Mama Mikate katikati na tanuri lake la matofali. Kati yake na Mama Feza kulikuwa na uzio wa minyaa, mrefu kuliko mtu, ambao hakuna aliyejua hasa ni wa nani. Kila mmoja alisema ni wa mwenzake, hasa ulipofika wakati wa kuukata.

Mimi ni mtu wa kubishana. Nauza vidonge, nasoma maandishi ya kwenye boksi mpaka mwisho, na sipendi mambo ya kubahatisha. Nilipohamia pale na kuona jirani yangu anachanganya karata alfajiri, nilijisemea: haya, nimekuja kupanga jirani na mganga. Nilikosea kabisa. Sijaona mtu aliyekuwa mbali na uganga kuliko yeye. Hata dawa ya kikohozi aliniuliza kwanza imetengenezwa kutokana na nini.

Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Aliamka mji ukiwa bado kimya, akakanda unga, akaufunika kwa kitambaa cheupe, akanawa mikono. Halafu alipiga magoti kando ya meza na kusali Baba Yetu na Salamu Maria, kwa haraka kidogo, kwa sababu unga haungoji. Ndipo alipochukua pakiti, akachanganya, akachomoa karata moja. Aliiegemeza kwenye kopo la maziwa ya unga, akawa anaitazama huku anakunywa chai. Unga ukishaumuka, naye alikuwa ameshajua siku yake ina kazi gani nyingine mbali na mikate.

"Karata haijue kitu," aliniambia nilipomchokoza. "Ni karatasi, Mama Famasi. Mimi njo minajua. Yenyewe inanikumbusha tu."

"Inakukumbusha nini?"

"Ile kitu yenye minakimbia." Yaani jambo analolikwepa.

Karata alizikuta kwenye droo ya kabati. Kabati alilinunua wakati nyumba moja kubwa ya kule mlimani ilipofungwa na vitu vyake kuuzwa. Alilitaka ili panya wasimlie mikate. Chini kabisa ndani ya droo ndipo pakiti ilipokuwa imelala, picha za rangi na majina ya Kifaransa. Hakuna aliyemfundisha maana yake. Alizitazama tu, siku baada ya siku, mpaka kila moja ikafanana na mtu au jambo analolijua, kisha akayaacha yale majina ya Kifaransa na kuzipa ya kwake. Mwanamke anayemimina maji kutoka mtungi hadi mtungi alikuwa Mama wa Mitungi. Mzee mwenye fimbo na taa alikuwa Papa wa Taa. Mtu aliyebeba furushi begani huku mbwa anamvuta suruali alikuwa Mutembezi. Kulikuwa na mwanamke mwingine amepiga goti kando ya maji bila nguo hata moja. Huyo alimbandikia kipande cha kitenge kwa uji wa unga. Alisema ni ili asishikwe na baridi, lakini sote tulijua ni kwa ajili ya wazee wa kanisa waliokuja kununua mkate.

Sasa, karata ikitoka, lazima ifanyiwe kazi kabla jua halijazama. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na hakujihurumia. Ikitoka Mama wa Mitungi, siku hiyo alitafuta watu wawili wasiosalimiana akawapelekea mkate mmoja, mkubwa, usiokatwa, ili wagawane wenyewe. Ikitoka Papa wa Taa, alimtafuta mtu anayekaa peke yake. Mara nyingi alikwenda kwa mzee mmoja wa reli, karibu na stesheni, akakaa kumsikiliza akieleza jinsi treni ya Kabalo ilivyokuwa ikiingia kwa saa yake. Habari hizo alikuwa amezisikia mpaka angeweza kuziimba. Ikitoka Mutembezi, alijitwika kikapu na kushika njia asiyoizoea. Hivyo ndivyo alivyofika kambi ya Katanika mara ya kwanza, kwa wale waliokimbia vita. Alirudi jioni na kikapu kitupu, miguu imevimba, na rafiki mpya ambaye alimtembelea mpaka mwisho.

Kulikuwa na karata ya mtu aliyening'inia kwa mguu mmoja, kichwa chini, mikono nyuma. Huyo alimwogopa kuliko wote, kwa sababu alimtaka anyamaze. Siku ya Kichwa Chini, Mama Mikate aliuza mikate bila kufungua mdomo, akaonyesha kwa vidole, na macho yake yakawa yanatoka kwa mateso. Maana yule mama alipenda maneno jamani. Asubuhi moja nilimwona kwa macho yangu, kupitia dirisha: kamchomoa Kichwa Chini, kamtazama, katazama mlango, kamrudisha ndani ya pakiti na kuchomoa nyingine. Nilipomuuliza hakuona haya hata kidogo. "Jana usiku nilisikia habari ya harusi," alisema. "Ningekufa nayo."

Lakini karata iliyopendwa na mtaa ilikuwa Gurudumu. Ikitoka Gurudumu, foleni iligeuzwa: wa mwisho anahudumiwa kwanza, na wa kwanza anangoja mpaka mwisho. Watu walipojua, wakaanza kuchungulia mezani toka njiani, na wakiliona Gurudumu wanakimbilia nyuma, wanasukumana kugombea kuwa wa mwisho. Mama Mikate aliwaacha wachoke, kisha akaanza kuhudumia katikati.

Ndipo ikawa salamu. Mtu hakusema "jambo" wala hakuuliza "umeamkaje". Alifika na mfuko wake akasema: "Leo kumetoka nini?" Mama Mikate alijibu, na jibu lile likasambaa pamoja na mikate hadi sokoni na bandarini. Wengine waliichukua karata kama yao. Walimu walikwenda kazini wakisema leo ni Mitungi, tusigombane. Nami, ambaye siamini, siku ya Papa wa Taa nilijikuta nampigia simu shangazi yangu wa Kabimba. Sikumwambia ni kwa nini.

Aliyeuliza kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Mama Feza. Huyo aliuza samaki wa ziwani, mikebuka na ndakala wakavu, na alikuwa na kicheko kilichosikika mpaka kwenye mitumbwi. Alikuwa wa kwanza kufika kila asubuhi, akapewa mkate wa kwanza kutoka tanurini, na kazi ya karata waliifanya pamoja: mmoja akitoa mkate, mwingine anaongeza samaki. Waligombana kuhusu minyaa, wakapatana kuhusu mengine yote. Niliuonea wivu urafiki wao, nasema kweli.

Kwa watu wa kutaka kujua kesho, Mama Mikate hakuwa na msaada. Alikuja mfanyabiashara mmoja aliyetaka kuvuka kwenda Kigoma na mzigo, akataka achomolewe karata tatu: moja ya safari, moja ya soko, moja ya kurudi.

"Unataka kujua ziwa?" Mama Mikate alimuuliza. "Enda bandarini, uliza bantu benye kuendesha boti. Hapa ni mukate."

"Hata moja tu, Mama."

"Moja ya leo ilishatoka. Mbili ni tamaa."

Padre naye alipita. Mtu alikuwa amempelekea maneno, na alikuja na uso wa kazi. Mama Mikate alimpa kiti, akatafuta ndani ya pakiti, akamwekea mbele karata ya Baba Mtakatifu na taji lake, anabariki kwa vidole viwili. Ile ya mnara unaopigwa na radi, ambayo kwa Kifaransa imeandikwa Nyumba ya Mungu, alikuwa ameshaificha kwenye matiti. "Papa wa Roma mwenyewe iko ndani, Padiri," alisema kwa upole. "Mimi ni nani nimutupe?" Padre aliuliza kama anasali kabla ya karata au baada. Kabla, alijibu. Padre akanunua mkate wake akaondoka, na kwa kuwa alikuwa anajitahidi asicheke, hakuaga vizuri.

Msidhani alikuwa malaika. Mkate alitoa bure kwa aliyekosa, lakini ukimwazima kikombe alikukumbusha mpaka kaburini. Alichukia mbwa wote wa mtaa na kuwarushia mawe, huku yule mbwa wa kwenye karata ya Mutembezi akimsifu kwamba ana akili, anamzuia bwana wake asipotee. Alinisema mimi mbele ya wateja kwamba nauza dawa chungu kwa uso mchungu zaidi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Ndani ya pakiti kuna karata moja ambayo waliochapa hawakuiandika jina. Ni mifupa mitupu ya mtu, imeshika mundu wa mpini mrefu, inafyeka, na kati ya majani kuna mikono na vichwa. Mama Mikate aliiita Isiyo na Jina. Haikumtisha. "Huyu ni mukulima," alisema. "Anakata yenye imezeeka, mupya ipate nafasi." Siku ilipotoka ilikuwa ya kutupa na kukata. Alitoa vitambaa vilivyochakaa, alikwangua masizi, alipogoa miti. Ilikuwa imeshatoka mara nyingi mbele ya watu, na Mama Feza mwenyewe siku moja kwa ajili yake alitoa gauni lake la zamani akalifanya tambara.

Mama Feza alikuwa na mjukuu, msichana aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama kwa kushika meza ile ya mikate. Mtoto akashikwa na homa. Alfajiri moja hali ikawa mbaya, mama yake akamkimbiza hospitali. Mama Feza akabaki nyuma kidogo kukusanya vitu, akapita kuchukua mkate wa kuwapelekea. Mtu mwenye haraka hutumia maneno yaliyozoeleka mdomoni, na yake yalikuwa yale yale: "Leo kumetoka nini?"

Mama Mikate hakuwa na habari kwamba mtoto amepelekwa hospitali. Alicheka. "Isiyo na Jina!" alisema. "Leo ile minyaa yako minaikata!"

Mama Feza alichukua mkate akaenda. Kabla ya mchana tukasikia kilio kinashuka na njia kutoka juu, upande wa hospitali, na tukajua. Watu walitoka mbio kila upande kuingia ua wa Mama Feza. Na walipoingia, waliona upande wa pili wa uzio Mama Mikate amesimama na panga mkononi, minyaa imelala chini, utomvu mweupe umemwagikia mpaka viwiko. Nyuma yake, kwenye kopo la maziwa, ile mifupa na mundu wake, inaonekana toka njiani.

Sitaandika ni nani aliyesema kwanza neno mchawi. Ilitosha mtu mmoja kusema kwa sauti ya chini, na jioni kila mtu alikuwa amelisema.

Keshoye mikate ilibaki. Siku iliyofuata ilibaki pia, yote, imepangwa mezani, na watu wanapita wakitazama miguu yao. Mimi damu ilinichemka. Malaria imewaua watoto wa mji huu tangu zamani, bila kusaidiwa na karata ya mtu yeyote. Nilikuwa na mdomo na nilikuwa tayari kuutumia, hata pale pale kwenye kilio, mbele ya wafiwa. Mama Mikate alinishika mkono.

"Usiende."

"Wanakuita mchawi, Mama! Unanyamaza?"

"Mutoto amekwenda. Ukimunyanganya Mama Feza na kasirani yake, atabakia na nini?"

Akina mama wa shirika, wale tuliosali nao mtaani, walikuja kwa heshima, wakakaa kwenye benchi lake. Walimtaka achome pakiti, hapo hapo, kwenye tanuri, wote waone, na mambo yaishe. Nilidhani angekubali. Alikuwa mtu wa kanisa na alikuwa mtu wa biashara, na vyote viwili vilikuwa vinamponyoka.

"Nikichoma," alisema, "nitakuwa nimesema ndiyo."

Kilio kilipokwisha, mchana, watu bado wapo, alipita mahali uzio ulipokuwa, juu ya vile visiki vya minyaa alivyovikata mwenyewe, akaingia ua wa rafiki yake. Nilimfuata. Alishika ile karata moja. Mama Feza alikuwa amekaa chini, miguu ameinyosha, na hakuinua kichwa.

"Ulicheka," alisema Mama Feza. Ndilo neno pekee alilotoa.

"Nilicheka. Sikujua mutoto iko hospitali." Akaweka karata kwenye mkeka. "Ukae nayo. Siku utaona njo mimi nilimuua, uichome mbele ya bantu bote, na mimi nitahama. Siku utaona hapana, unirudishie na mukono yako. Mimi sitaiomba."

Mama Feza aliichukua. Sote tulingoja aipasue. Aliiingiza kwenye fundo la kitenge chake akatazama pembeni.

Hivyo ndivyo walivyoishi, miaka. Wateja walirudi mmoja mmoja, kwa sababu harufu ya mkate wa moto asubuhi haina mshindani, lakini ile salamu haikurudi. Walinunua, wakasema asante Mama, wakaondoka. Karata ya siku aliihamishia ndani ya nyumba, akaiegemeza mahali ambapo ni yeye tu angeiona, na kazi yake akaendelea kuifanya kimya kimya, na pakiti yake yenye pengo. Mimi nilianza kumuuliza kila asubuhi, kwa makusudi na kwa sauti, wengine wasikie. Alinijibu. Lakini nilijua sauti aliyokuwa anaingoja si yangu, na iliniuma kidogo.

Mama Feza alianza kununua mkate mbali, karibu na soko. Kila asubuhi alipita mbele yetu na mkate wa watu wengine ndani ya mfuko. Na kila asubuhi Mama Mikate alitoa mkate wa kwanza tanurini, akaufunga kwenye kitambaa, akauweka kando. Jioni alimpa yeyote aliyepita. Keshoye tena.

"Acha, Mama," nilimwambia. "Huyu hatakuja. Umefanya yako."

"Sifanye kitu. Ule ni mukate yake, si yangu."

Siku karata ilipokuwa Mama wa Mitungi ndiyo nilimhurumia zaidi. Alikuwa anajua ni watu gani wawili wasiosalimiana, na sheria aliitunga mwenyewe. Alikata mkate mmoja mkubwa katikati, akala nusu, nusu akaiacha mezani.

Kisha ziwa likapanda. Mnajua lilivyofanya, wengine wenu mlikimbia na magodoro kichwani. Maji yaliingia nyumba za chini zote tatu na yakakataa kutoka. Tanuri lilikaa ndani ya maji mpaka udongo ukalegea likakaa chini lenyewe kama mtu aliyechoka. Kabati lilivimba likapasuka. Meza niliibeba mimi na mpwa wa Mama Mikate, na Shetani tulimkuta amelowa chapachapa, tukamwanika juani. Mama Mikate alikwenda kukaa kwa huyo mpwa, juu, karibu na barabara ya uwanja wa ndege. Mama Feza alikwenda kwa ndugu zake Mpala. Nyumba yake ilibebwa na maji mpaka mlango. Nikajua karata imeishia ziwani, na yale maneno yao mawili yameishia huko, bila ndiyo wala hapana. Nililia kwa hilo kuliko nilivyolilia duka langu.

Huko juu hakuoka tena. Mikono ilianza kutetemeka, miguu ikajaa maji, kifua kikawa kinapiga filimbi. Nilimpelekea dawa na kumgombeza azinywe. Karata aliendelea nazo kitandani, asubuhi, baada ya kusali. Kazi zake zilikuwa zimepungua ukubwa: ikitoka Papa wa Taa, alimwita mjukuu wa jirani aje akae naye, ikitoka Mutembezi, alitembea mpaka mlangoni.

Asubuhi ninayotaka kumalizia nayo nilifika mapema. Nilimkuta ameegemea ukuta, pakiti iko juu ya blanketi, haijafunguliwa.

"Leo kumetoka nini?" nilimuuliza kama kawaida.

"Leo bado," alisema. "Mukono inakatala kuchanganya."

Nilikuwa namimina dawa kwenye kijiko tuliposikia hodi. Mpwa wake akafungua. Sikumtambua mara moja. Alikuwa amekonda, nywele zimekuwa nyeupe, kikapu kichwani. Kilichonifanya nimtambue ni namna alivyosimama mlangoni bila kuingia, upande upande, kama aliyekuja kununua mkate na foleni ni ndefu.

"Karibu, Mama Feza," alisema Mama Mikate.

Mama Feza alishusha kikapu, akaketi pembeni ya kitanda. Alifungua fundo la kitenge chake, akatoa kitambaa cha mtoto, cha njano, na ndani ya kitambaa ile mifupa na mundu wake, mikavu, haina hata alama ya tone.

"Maji ilibeba kitanda, sahani, nguo yangu ya harusi," alisema. "Hii niliifunga juu ya kichwa."

Mama Mikate hakunyosha mkono kuipokea. "Umeona?" aliuliza.

"Niliona zamani." Mama Feza alikuwa anaongea na blanketi. "Mwaka ule ule. Minafungua kitambaa, minaangalia, minaona ni karatasi. Kila siku minasema kesho nitaenda. Alafu minapita pale na mukate ya bantu bengine, minaona yangu imefungwa inaningoja, na haya inanishika. Miaka yote ile, Mama. Haikukuwa tena kasirani. Ilikuwa haya."

Hapo mimi nilikuwa nimeshika kijiko hewani na dawa imemwagikia kwenye sketi. Mama Mikate aliichukua karata, akaiingiza katikati ya zile nyingine, akajaribu kuchanganya. Zilimponyoka zikatawanyika kwenye blanketi na sakafuni. Mama Feza akapiga magoti akaanza kuziokota, moja moja, anazifuta kwa kitenge, kama anavyozifuta mpaka leo, maana mwenyewe alimwachia yeye. Alipofika kwenye yule mwanamke aliyevishwa, akatabasamu.

"Kuna kitu inaungua?" aliuliza Mama Mikate, akinusa.

Mama Feza alivuta kikapu akatoa mkate. Ulikuwa mweusi upande mmoja, umebonyea katikati. "Nilijaribu kuoka."

Mama Mikate alimega kipande, akatafuna taratibu, macho amefunga, nasi tunangoja kama kwa padre. "Haukutia chumvi," alisema.

Mama Feza akacheka. Kilikuwa kicheko kile kile, kimekwaruza kidogo, lakini kingefika kwenye mitumbwi. Alicheka mpaka akakaa chini, na sisi tukacheka naye, na mpwa akaja kuchungulia kuna nini. Kisha Mama Feza akajifuta uso, akapanga pakiti vizuri, akaiweka mkononi mwa mwenyewe. Akasema kwa ile sauti kubwa ya foleni:

"Mama Mikate! Leo kumetoka nini?"

Yule mama alikaa na pakiti yake nzima mkononi. Hakuifungua. Alimtazama rafiki yake, machozi yanashuka wala hayafuti.

"Leo kumetoka wewe," alisema.

Halafu akaniagiza kisu na chumvi. Tukaukata ule mkate, tukanyunyiza chumvi juu, tukaula wote, hata upande ulioungua.